FIFA Street: Gemu iliyoazima mpira wa mtaa na kuwagawanya mashabiki wa Eastlands

Ukitaka kuzua mabishano katika kibanda cha gemu pale Umoja, Kayole au Jericho, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, huna haja ya kutaja Gor Mahia na AFC Leopards. Uliza tu kama FIFA Street ni mpira. Mmoja atakwambia hiyo ndiyo gemu pekee iliyowahi kuuonyesha mpira kama anavyoujua tangu utotoni. Mwenzake anayesubiri zamu kwenye benchi hilo hilo atasema ni sarakasi za watoto, na kwamba mtu mwenye shilingi zake hucheza FIFA yenyewe. Mabishano haya yalianza mwaka 2005, na huwaka upya kila mara kampuni ya EA Sports inapotoa toleo lenye mpira wa viwanja vidogo.

Yanastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu wanaobishana si watazamaji wa mbali. Ni vijana, na siku hizi wengine ni wazazi, waliokulia mitaa ambako mpira wa aina hiyo huchezwa bila mashine wala stima. Kama kuna watu duniani wenye haki ya kuihukumu gemu ya mpira wa mtaani, ni hawa.

Tawi lilivyochipuka

Gemu ya kwanza ya FIFA ilitoka mwishoni mwa 1993. Ilikuwa soka ya kawaida: wachezaji 11 kila upande, refa, kuotea, kona na mpira wa kurusha. Toleo jipya likawa linatoka kila mwaka. Baadaye EA ikaanzisha nembo ya EA Sports BIG, ambayo kazi yake ilikuwa kuishusha michezo mikubwa mitaani. Mpira wa vikapu ulitangulia kwa NBA Street mwaka 2001, mpira wa Kimarekani ukafuata kwa NFL Street mwaka 2004, na Februari 2005 ikawa zamu ya soka.

FIFA Street ya kwanza ilikuwa na wachezaji wanne kila upande, kipa akiwemo. Uwanja ulikuwa mdogo, umezungukwa na kuta, na mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea. Hapakuwa na refa wala filimbi ya kuotea. Kwenye jalada alisimama Ronaldinho, ambaye miezi michache tu kabla yake alikuwa ametawazwa Mchezaji Bora wa Dunia wa FIFA wa mwaka 2004. Hapakuwa na chaguo bora kuliko yeye. Miguu yake ilifanya kwenye viwanja vikubwa vya Ulaya yale ambayo vijana wa Bahati na Maringo walikuwa wakiyajaribu uani kila jioni.

Toleo la pili lilifuata mwaka 2006, la tatu mwaka 2008, na la nne, lililopewa tena jina la FIFA Street bila nambari, likatoka Machi 2012. Baada ya hapo tawi lilikatwa. Mpira wa viwanja vidogo ukarudi mwaka 2019 ndani ya FIFA 20 kwa jina la Volta Football, kisha mwaka 2024, baada ya EA na shirikisho la FIFA kuachana na gemu kuitwa EA Sports FC, ukaja kwa jina la Rush.

Sheria ya kibanda

Huwezi kuelewa mgawanyiko wa Eastlands kuhusu gemu hizi bila kuelewa kibanda. Watu wengi hapa hawakuijua FIFA sebuleni kwao. Waliijua kwenye chumba cha mabati au duka dogo la chini ya ploti, lenye televisheni mbili tatu, mashine za PlayStation na pedi zilizochakaa vitufe. Mashine na diski za kunakili zilinunuliwa mjini, Luthuli Avenue na vichochoro vyake. Malipo yalikuwa kwa mechi, shilingi 10 au 20, na sheria ilijulikana kote: anayefungwa analipa na kuachia pedi, mshindi anabaki. Stima ikipotea katikati ya mechi, kesi huamuliwa na mwenye kibanda, na hukumu yake haina rufaa.

Sheria hiyo ndiyo iliyoipa FIFA ya kawaida nguvu isiyo kifani. Kama kufungwa ni kulipa, hakuna anayetaka kufungwa kwenye gemu asiyoizoea. Kijana aliyetumia miezi kujifunza krosi na pasi za kupenyeza hawezi kukubali kuanza upya kwenye gemu nyingine mbele ya foleni inayomzomea. Kuna waliosita hata kuhamia Pro Evolution Soccer ya Konami, ambayo nayo ilikuwa na wafuasi wake sugu, seuze gemu ya watu wanne na ukuta. Mwenye kibanda naye anataka mechi fupi, zenye dakika zinazojulikana, ili foleni isonge na tokeni za stima zilipike. Kwa hiyo mara nyingi FIFA Street ilibaki gemu ya asubuhi, ya wakati wateja ni wachache, au ya marafiki wawili waliokubaliana kucheza bila dau.

Kuna jambo la pili ambalo husahaulika. Eastlands ilikuwa himaya ya PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. EA iliendelea kuitolea mashine hiyo FIFA ya kawaida hadi FIFA 14, mwaka 2013. Lakini FIFA Street ya 2008 na ile ya 2012 hazikutolewa kwa PlayStation 2 kabisa. Kwenye televisheni ziliwataka watu wawe na PlayStation 3 au Xbox 360, mashine zilizochukua muda mrefu kufika vibandani kwa bei ya kuvumilika. Matokeo yake ni kwamba kizazi kizima cha mashabiki kinajua matoleo mawili ya kwanza tu. Mtu wa Dandora anapoilaani FIFA Street na mtu wa Donholm anapoisifu, mara nyingi hawazungumzii gemu moja.

Wanaosema huu ndio mpira

Hoja ya kwanza ya wanaoipenda ni kwamba wanajiona ndani yake. Chobo, kanzu na danadana havikufundishwa na akademia yoyote hapa, na kabla ya 2005 hakuna gemu kubwa ya soka iliyoviweka mbele. Kwenye FIFA ya kawaida ya wakati ule, chenga ilikuwa pambo. Kwenye FIFA Street ilikuwa ndiyo lugha ya mchezo.

Hoja ya pili ni uwanja wenyewe. Mitaa ya Eastlands ilijengwa kwa awamu na kwa fikra tofauti, na kila mmoja ulizaa mpira wake. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa jiji, ina nyasi kati ya nyumba, na hapo mtoto hujifunza kukimbia na mpira. Buruburu ya miaka ya 1970 ina nyumba zilizopangwa kuzunguka maegesho, kuta pande zote, na hapo ukuta ni mchezaji wa ziada: unaupasia, unakurudishia. Dandora ilipangwa miaka hiyo hiyo, viwanja vikigawiwa watu wajijengee, nyumba zikizunguka nyua za pamoja. Umoja Innercore na sehemu za Kayole, ambako maghorofa yamesongamana, mpira huchezwa kwenye kichochoro chenye upana wa gari moja, na asiyeweza kumiliki mpira kwa mguso mmoja hana kazi. Shabiki aliyekulia Buruburu akiona gemu ambamo pasi ya ukutani ni halali, hahitaji maelezo. Anaijua.

Hoja ya tatu ni ya haki. Kwenye FIFA ya kawaida, anayewahi kuchagua timu yenye washambuliaji wenye kasi huanza na faida, na foleni nzima hulalamika. Mashabiki wa Street wanasema uwanja mdogo huipunguzia kasi thamani yake. Hakuna nafasi ya kumkimbiza mtu mita 40. Kinachobaki ni mikono yako kwenye pedi na akili yako.

Wanaosema hizi ni sarakasi

Upande wa pili nao una hoja nzito, na haufai kupuuzwa kama watu waliozoea kitu kimoja. Lawama yao kubwa ni jinsi matoleo ya kwanza yalivyohesabu chenga. Kwenye FIFA Street ya 2005, kila chenga ilikujazia kipimo. Kikijaa, ulipewa pigo maalumu ambalo kipa hakuwa na matumaini makubwa ya kulizuia. Maana yake ni kwamba ungeweza kucheza bila mpango wowote, ukazungusha mpira kwa madoido, kisha ukazawadiwa bao. Kwa mtu aliyelipia mechi yake, kufungwa kwa namna hiyo kuliuma kuliko kufungwa kwa kona ya dakika ya mwisho.

Toleo la 2008 likaongeza chumvi kwenye kidonda. Wachezaji walichorwa kama vikaragosi, maumbo yamekuzwa, sura zimetiwa chumvi. Waliobahatika kuicheza waligawanyika papo hapo. Kuna waliofurahia rangi na vituko vyake. Wengine waliona kwamba kampuni imeamua mpira wa mtaa ni kichekesho, kitu cha kuchezea kabla ya kurudi kwenye mpira wa watu wazima. Hisia hiyo ina uzito mahali kama Eastlands, ambako kuambiwa kwamba kitu chenu ni cha mzaha si jambo geni.

Volta nayo ilipokuja mwaka 2019 ilileta lawama mpya. Ilikuwa na hadithi yake, mechi za watatu, wanne au watano kila upande, zenye kuta au zisizo na kuta, na mavazi ya kumvisha mchezaji wako. Kwa kibanda ilikuwa na neema moja kubwa, kwamba ilikuja ndani ya FIFA yenyewe na haikuhitaji kununuliwa peke yake. Lakini miaka iliyofuata sehemu kubwa ya uhondo wake ilisukumwa kwenye mechi za mtandaoni, na msisitizo wa mavazi uliwachosha waliotaka mpira. Gemu inayokutaka uwe na intaneti ya kutegemewa na uvumilivu wa kukusanya viatu haikuumbiwa benchi la kibanda.

Rush ya 2024 imepokewa kwa mchanganyiko ule ule. Ni watano kwa watano, kipa akiongozwa na mashine. Kuotea kunahesabiwa tu kwenye theluthi ya mwisho ya uwanja, na anayecheza rafu mbaya huonyeshwa kadi ya buluu na kutoka nje kwa dakika moja. Wenye kuipenda wanasifu kasi yake na jinsi marafiki wanavyoweza kucheza upande mmoja. Wanaoilalamikia wanasema ni mpira wa watano uliowekwa kwenye nyasi za kifahari, na mtaa umeachwa nje.

Toleo lililokaribia

Katikati ya mabishano haya yote, toleo moja huwapatanisha wengi waliolicheza: lile la Machi 2012. Lilisimamiwa na Gary Paterson, mmoja wa watu waliokuwa nyuma ya FIFA za kawaida za miaka hiyo, na lilijengwa juu ya mtambo wa FIFA 12. Vikaragosi viliondoka. Mchezaji aliweza kusimama na mpira chini ya unyayo, akimngoja beki ajitupe, kisha akamtoka. Palikuwa na mechi za futsal, za watano na za sita. Palikuwa na mchezo ambao chobo ina alama zake, na mwingine ambao kila ukifunga unapunguza mchezaji mmoja upande wako, hadi anayemaliza wote anashinda. Huo wa mwisho ungeweza kabisa kubuniwa Shauri Moyo.

Tofauti kubwa ilikuwa moja. Katika mechi za kawaida za toleo hilo, chenga ilikuwa njia ya kupata nafasi. Ukimtoka beki, unapata pasi au shuti, na kipa bado yupo kazini. Mpira ulirudishiwa heshima yake. Ndiyo maana naona kosa la EA halikuwa kuuingiza mpira wa mtaani kwenye gemu. Kosa lilikuwa kudhani mpira wa mtaani ni madoido.

Kichwa cha Wanyama

Ushahidi kwamba mpira wa mtaani si madoido tu tunao, na uko hapa hapa. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walilelewa Muthurwa na kusoma Kamukunji. Mariga aliondoka akapitia Sweden na Parma hadi Inter Milan, na mwaka 2010 akawa Mkenya wa kwanza kuwa kwenye kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Wanyama alicheza Celtic, Southampton na Tottenham. Hakuna aliyewahi kuwasifu ndugu hawa kwa danadana. Walikuwa viungo wa nguvu, wa kusoma mchezo, wa kukaba na kutoa pasi kwa wakati.

Sasa tazama mwaka 2012 wenyewe. Machi, Lionel Messi yuko kwenye jalada la FIFA Street kama sura ya mpira wa mtaani duniani. Novemba mwaka huo huo, Celtic inaifunga Barcelona ya Messi mabao 2 kwa 1 mjini Glasgow, na bao la kwanza linafungwa na kijana wa Muthurwa, kwa kichwa, kutokana na kona. Hapakuwa na chobo wala kanzu. Palikuwa na kijana aliyezoea kugombea mpira katikati ya miili mikubwa kuliko wake.

Hilo ndilo somo ambalo matoleo mengi ya tawi hili yaliliacha. Mpira wa Eastlands ni sheria kabla ya kuwa chenga. Magoli ni mawe mawili, na urefu wa goli hukubaliwa kwa kutazama mikono ya kipa. Mpira ukipita juu ya paa, aliyeupiga anaufuata. Gari likipita, kila mtu anasimama alipokuwa. Mdogo hafukuzwi, anapewa goli. Mwenye mpira ana sauti ya ziada, na kwa miaka mingi mpira wenyewe ulikuwa wa juala zilizofungwa kwa kamba, hadi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 na watoto wakatafuta malighafi nyingine. Refa hayupo kwa sababu wachezaji wote ni marefa, na kila rafu lazima ijadiliwe hadi pande mbili zikubaliane. Anayekulia katika mpira huo hujifunza kuamua haraka, kuvumilia na kuelewana na watu. Chenga ni matunda ya hayo.

Wanaoikataa FIFA Street kwa sababu ni tawi tu na si mti wanakosea pia. Tazama Koth Biro, mashindano yaliyodumu Eastlands tangu miaka ya 1970 na ambayo huchezwa uwanja wa Umeme, Ziwani, ligi zinapopumzika mwishoni mwa mwaka. Wachezaji wa ligi kuu huvaa jezi za timu za mitaa, uwanja una vumbi, mashabiki wamesimama kwenye mstari. Hakuna anayeuliza kama huo ni mpira halali. Mchezo wa pembeni unaweza kuwa na hadhi yake kamili, mradi waliouandaa wanawaheshimu wanaoucheza.

Kazi iliyo mbele

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: wanaoipenda FIFA Street wako sahihi kuhusu uwanja, na wanaoikataa wako sahihi kuhusu alama za madoido. Toleo la 2012 lilionyesha kwamba pande hizi mbili zinaweza kukaa pamoja, na ni hasara kwamba halikupata mrithi wa kweli. EA ina hesabu zake za biashara na haitaandika sheria za kichochoro cha Kayole.

Wenye kuziandika wapo hapa. Wakenya wamewahi kutengeneza gemu za nyumbani: Ma3Racer ya kampuni ya Planet Rackus iliwaweka watu kwenye usukani wa matatu kupitia simu zao, na Nairobi X ya Black Division Games ikalileta jiji hili kwenye vita dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Gemu ya simu ya watano kwa watano, yenye magoli ya mawe, kusimama gari linapopita na mjadala wa penalti, haihitaji leseni ya Barcelona. Inahitaji mtu anayezijua sheria hizo na mwenye subira ya kuziandika kama programu.

Lakini gemu hiyo haiwezi kutengenezwa na watu wasiowahi kuucheza mpira wenyewe. Kila uwanja wa mtaa unaozungushiwa uzio na kugeuzwa maegesho au maduka huondoa shule moja ya mpira huu. Camp Toyoyo pale Jericho imepata nyasi bandia, na Dandora vijana wa Dandora Transformation League wamefufua nyua zilizokuwa zimejaa taka. Hayo yafanywe kila mtaa. Wakazi waulize hati ya kila uwanja wa wazi ulioko karibu nao, wawakilishi wa wadi waitetee, na serikali ya kaunti iiweke wazi kwa umma. Na wewe kijana unayesoma haya ukiwa na kompyuta na hamu ya kubuni, usingoje kampuni ya ng'ambo ikuchoree mtaa wako. Anza na sheria za mpira wa uani kwenu, uziandike zote.